Kulima Magimbi Tanga, Kuanzia Mbegu hadi Chungu cha Futari

Anayepita kando ya shamba la magimbi mwezi wa nane, masika yakiwa yamekwisha na ardhi ya bondeni ikiwa bado imeshika unyevu, huona majani mapana kama masinia yaliyosimama hadi kiunoni mwa mtu, na mara nyingi huondoka akiamini kwamba mwenye shamba atavuna mengi. Mimi nalima magimbi upande wa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na zaidi ya mara moja nimeona shamba la majani ya kupendeza likitoa viazi visivyotosha kujaza pakacha. Jani hukueleza habari ya maji na mbolea. Kiazi kinategemea mbegu uliyoichagua, muda uliompa mama, yaani kiazi kikuu, kukua, na kazi unayojizuia kuifanya katika miezi ya mwisho. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu mwenye kipande cha bonde au mteremko wenye unyevu katika Mkoa wa Tanga, anayetaka kulima magimbi kama zao lenye hesabu yake, badala ya kuyachomeka kando ya mfereji na kuyasahau.

Kulijua gimbi la kweli

Gimbi, ambalo wengine huliita jimbi, ni kiazi cha mmea ulioitwa myugwa katika Kiswahili cha zamani, na jina hilo bado utalisikia kwa wazee, hasa wanapozungumzia majani yake kama mboga. Wataalamu wa mimea wanauweka katika jenasi iitwayo Colocasia, na huu tunaoula ni Colocasia esculenta. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliueleza mwaka 1753 akiwa ameuweka katika jenasi ya Arum, kisha Heinrich Schott wa Austria akaitenga jenasi ya Colocasia mwaka 1832. Asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki pamoja na visiwa vya jirani. Katika kinamasi cha Kuk, huko Papua New Guinea, watafiti wamekuta mabaki ya wanga wake kwenye zana za mawe za takriban miaka 10,000 iliyopita. Ninalitaja hilo kwa sababu linamhusu mkulima moja kwa moja: kwa muda wote huo mmea huu umepandwa kwa vipande na si kwa punje, kwa hiyo kila gimbi lililo shambani mwako ni mwendelezo wa gimbi lililotangulia, likiwa na uzuri wake wote na maradhi yake yote.

Kabla ya kununua mbegu, hakikisha unanunua gimbi. Geuza jani utazame mahali kikonyo kinapoungana nalo. Katika gimbi la kweli, kikonyo hushika jani kwa upande wa chini, ndani kidogo ya ukingo, mfano wa mpini wa mwavuli uliosogezwa upande mmoja, na mpasuko ulio kati ya masikio mawili ya jani haufiki kwenye kikonyo hicho. Liko jamaa yake lenye asili ya Amerika, Xanthosoma, ambalo nalo huliwa na watu wengi hulichanganya na gimbi. Kwake mpasuko huingia moja kwa moja hadi kwenye kikonyo na jani lote hufanana na kichwa cha mshale. Hilo si baya, ila halipendi maji yanayosimama kama lipendavyo gimbi, na ukilipanda kwenye tope litaoza. Kuna na mimea ya mapambo ya jenasi ya Alocasia, ambayo majani yake mara nyingi husimama ncha ikitazama juu, tofauti na jani la gimbi ambalo ncha yake huinama kuelekea ardhini. Mimea hiyo ya mapambo usiitie chunguni hata kama shina lake limenenepa kama kiazi. Ukali wake huumiza kinywa na koo, na si jambo la kujaribia.

Alama nyingine inayosaidia ni maji. Mwagia jani la gimbi maji kidogo, nayo yatakusanyika kuwa matone ya mviringo yanayong'aa na kuteleza bila kulilowesha jani, kwa sababu uso wake una nta na vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Watoto wa kijijini huucheza mchezo huu kila mvua inapokatika. Kwa mkulima una maana yake pia: dawa yoyote ya maji utakayoipulizia itateleza vivyo hivyo isipochanganywa na sabuni kidogo ya kuinatisha.

Magimbi yenyewe, kwa mlimaji, ni ya namna mbili. Kuna yale ambayo mama huwa mmoja mkubwa na watoto wake, yaani viazi vidogo vya pembeni, wachache, na kuna yale ambayo mama hubaki wa wastani akazungukwa na watoto wengi wadogo. Ya kwanza huuzika vizuri zaidi kwa sababu mnunuzi hupenda gimbi la kushika kwa mkono mzima, lakini ya pili huvumilia ukame zaidi na hayamnyimi mkulima mbegu ya msimu ujao. Mtu anayeanza ningemshauri apande yote mawili, mistari yake ikiwa mbalimbali, aone shamba lake linapenda lipi.

Mahali pa kupanda, na suala la mita 60

Gimbi linataka joto, mvua nyingi na udongo usiokauka. Kata kikonyo chake uangalie ndani, utaona kina matundu mengi kama sifongo. Kwa matundu hayo hewa hushuka hadi kwenye mizizi, na ndiyo sababu mmea huu unaweza kuishi palipo na maji ambapo mmea wa mahindi ungekufa kwa siku chache. Hata hivyo, yako maji na maji. Yanayopita polepole, yaliyo baridi, hulifaa. Yaliyotuama yakapata moto wa jua huozesha mizizi, na kiazi kinachotoka hapo huwa laini, chenye harufu, na hakiivi kikalainika sawasawa hata ukikichemsha kutwa.

Katika mkoa wetu mahali panatofautiana sana kwa mwendo mfupi. Amani, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, unaweza kulima magimbi hata mteremkoni bila kumwagilia, mradi udongo umekingwa usichukuliwe na maji. Ukishuka Muheza, mabonde ndiyo yanayofaa. Ukifika pwani kabisa, kwenye mchanga na mawe ya matumbawe kama ya Tongoni, gimbi litaishi tu pale utakapolipa kivuli cha minazi, samadi nyingi na matandazo mazito, nami sioni faida ya kulilazimisha huko wakati muhogo na viazi vitamu vinaifurahia ardhi hiyo. Udongo bora ni tifutifu wenye mfinyanzi kiasi na uozo mwingi wa majani, wenye uchachu kidogo. Wenye vipimo huutaja uchachu huo kuwa pH 5.5 hadi 6.5.

Hapa inabidi nizungumze jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa. Mahali gimbi linapopapenda kuliko kwingine kote ni ukingo wa mto, na ukingo wa mto si shamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, shughuli za kudumu za binadamu na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu uhifadhi wa mto na kingo zake. Mto Zigi unaotoka Usambara Mashariki ndio unaolinywesha jiji la Tanga kupitia bwawa la Mabayani, na kila jembe linalochimba ukingo wake, au wa kijito kinachouingia, hupeleka tope bwawani. Gimbi huwa na hatari ya pekee kwa sababu kulivuna ni kuuchimbua udongo wote kwa kina, na mara nyingi wakati wa kuvuna hukaribia mvua. Hivyo pima hatua zako. Sehemu nzuri ya kulima ipo, tena ni bora kuliko ukingo: ni ile chini ya mteremko, nje ya mita hizo 60, ambapo maji ya kilimani huchuruzika chini ya ardhi na kuufanya udongo uwe chepechepe hata mwezi wa saba. Utaitambua kwa majani ya jamii ya ndago yanayobaki ya kijani wakati nyasi nyingine zimekauka.

Mbegu

Kama ningeruhusiwa kumwambia mkulima mpya jambo moja tu, lingekuwa hili la mbegu. Mwaka wangu wa pili nilipewa bure gunia zima la vitoto vya magimbi vilivyobaki baada ya mavuno ya mtu, nikafurahi kwa kuokoa fedha. Vilikuwa vidogo kama vidole, vingine vilikuwa na madoa laini ya hudhurungi, nami nikavipanda vyote. Robo ya mashimo hayakuota, na yaliyoota yaligawanyika kuwa makundi ya majani membamba ambayo hayakuweka kiazi cha kutajwa. Samadi na palizi nilizoziweka mle zilikuwa zile zile nilizoweka kwenye shamba la mwaka uliotangulia, ambalo lilinipa vizuri.

Mbegu bora kuliko zote ni kichwa cha gimbi lililokomaa, yaani kile kipande cha juu kinachobeba vikonyo. Unapovuna, chagua mashina yaliyotoa mama mkubwa na majani yasiyo na madoa. Kata kiazi kwa kisu kikali sentimita moja au mbili chini ya mahali vikonyo vinapoanzia, kisha punguza vikonyo vibaki na urefu wa sentimita 20 hadi 25, ukiyaondoa majani yote mapana. Kiazi chote kilichobaki ni cha kula au kuuza, kwa hiyo mbegu hii haikugharimu chakula. Tazama sehemu uliyoikata: ikiwa nyeupe au yenye rangi moja safi, chukua, ikiwa na mishipa ya kahawia au harufu ya kuoza, tupa mbali na shamba. Pakaza majivu makavu kwenye jeraha na uviweke vichwa kivulini siku mbili au tatu ili jeraha lifunge kabla ya kukutana na udongo wenye maji.

Ukikosa vichwa, tumia watoto wenye uzito wa kati ya gramu 50 na 100, yaani ukubwa wa yai la kuku au zaidi kidogo, wenye chipukizi moja lililo wazi. Hao huchelewa mwezi mmoja hivi kuliko vichwa. Usitumie vipande vilivyokatwakatwa vya kiazi kikubwa isipokuwa umezidiwa, na usilete mbegu kutoka mbali bila kumwonyesha afisa ugani wa kata yako, kwa sababu nitakazozieleza nitakapofika kwenye ugonjwa wa bakajani.

Kuchimba na kupanda

Panda mara masika yanaposhika, yaani mwishoni mwa mwezi wa tatu au katika mwezi wa nne. Wanaopanda vuli nao hupata, lakini mmea wao hukutana na jua la mwezi wa kwanza na wa pili ukiwa bado mchanga, na bila maji ya kumwagilia hudumaa. Mashimo yachimbwe wiki mbili kabla, yawe na upana na kina cha sentimita 30, umbali wa mita moja kati ya mstari na mstari na sentimita 60 kati ya shimo na shimo. Kwa nafasi hiyo ekari moja hupokea mashimo yapatayo 6,700, kwa hiyo mtu mwenye robo ekari aandae mbegu zisizopungua 1,700 na akiba kidogo ya kujazia. Ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri hugawanywa kwa mashimo manne, ikichanganywa na udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza jeraha la mbegu na kukaribisha wadudu.

Simamisha kichwa katikati ya shimo, kifukie hadi sehemu ya chini ya vikonyo, na uache shimo liwe na bonde la kiasi cha kiganja chini ya usawa wa ardhi. Bonde hilo hukusanya maji mwanzoni, na baadaye ndilo utakalolijaza udongo unapopalilia. Kwenye sehemu yenye maji mengi fanya kinyume chake: tengeneza tuta na upande juu yake. Baada ya hapo tandaza majani makavu ya migomba, makuti yaliyokatwakatwa au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 10. Matandazo katika kilimo cha gimbi hufanya karibu nusu ya kazi ya umwagiliaji, na mtu anayeyachoma makuti ili shamba lionekane safi anauchoma unyevu wa mwezi wa tisa.

Miezi ya ukuaji

Miezi mitatu hadi minne ya mwanzo ni ya kupigana na magugu. Mizizi ya gimbi iko juu juu, hivyo jembe lizungukie katikati ya mistari tu, na karibu na shina ng'oa kwa mkono. Mwezi wa pili na tena mwezi wa nne tangu kupanda rudishia udongo shinani, kwa sababu mama hukua kuelekea juu, na akichomoza nje ya ardhi huwa wa kijani na mgumu. Majani yakishaziba mistari, magugu hayapati jua tena na wewe unaweza kupumzika.

Machipukizi ya pembeni ni suala la uamuzi. Kwa aina ya mama mmoja mkubwa mimi huacha chipukizi moja au mawili na kuyaondoa mengine yakiwa bado madogo kama kalamu. Ukiyaacha yote utapata kichaka na viazi vingi visivyouzika. Kwa aina ya watoto wengi usiguse kitu, kwa kuwa hao ndio mavuno.

Kisha huja mwezi wa tano au wa sita tangu kupanda, nao ndio unaowapoteza wakulima wengi. Hadi hapo kila jani jipya lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. Sasa kila jipya linakuwa dogo, vikonyo vinafupika, na shamba lililokuwa likikufika kiunoni linashuka hadi magotini. Mkulima huingiwa na hofu, hudhani udongo umechoka, akakimbilia dukani kununua yuria. Mmea hauumwi. Umemaliza kujenga majani na umeanza kukipelekea kiazi chakula, na wanga wote unaotengenezwa juu sasa unashuka chini. Ukimwaga mbolea ya nitrojeni wakati huo unauamrisha urudi kwenye majani, nao utatii: shamba litapendeza tena, na kiazi kitabaki na maji na nyuzi. Nitrojeni, kama unaitumia, iishe kabla ya mwezi wa nne tangu kupanda. Kinachofaa baada ya hapo ni majivu ya kuni, kwa potashi iliyomo, kiganja kimoja kwa shina yakinyunyizwa mbali kidogo na vikonyo, pamoja na unyevu usiokatika. Unyevu ukikatika wiki kadhaa kisha ukarudi, kiazi husita na kuanza tena, na utakikuta kimebanwa katikati kama kibuyu.

Maradhi na waharibifu

Ugonjwa wa kuogopwa ni bakajani la gimbi, linaloletwa na kiumbe mfano wa ukungu kiitwacho Phytophthora colocasiae. Huanza kama doa dogo la kahawia lenye maji, mara nyingi mahali ambapo umande hukusanyika, kisha doa hupanuka kwa duara juu ya duara na kutoa vitone vya rangi ya chungwa, na jani zima huweza kuanguka ndani ya wiki mbili hivi. Nchi ya Samoa, ambayo watu wake walilitegemea gimbi kama chakula chao kikuu na zao la kuuza nje, ilipoteza karibu kilimo chake chote cha zao hilo ugonjwa huu ulipoingia mwaka 1993. Mwaka 2009 na 2010 uliathiri vibaya mashamba ya Ghana, Nigeria na Kameruni. Husambaa kwa matone ya mvua yanayorukia jani la jirani, na kwa umbali mrefu husafiri katika mbegu inayobebwa na watu. Ndiyo sababu nilisema mbegu ya mbali isiletwe kiholela. Kinga iliyo mikononi mwa mkulima ni nafasi ya kutosha kati ya mashina ili hewa ipite, kukata majani yenye madoa mara yanapoonekana na kuyafukia nje ya shamba, na kutopita shambani majani yakiwa yamelowa.

Vidukari hukaa upande wa chini wa majani machanga na kueneza virusi vinavyofanya jani liwe na michirizi iliyopauka kama manyoya ya ndege. Mmea wa namna hiyo haufi, ila usichukue mbegu kwake. Minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, hupungua ukipumzisha ardhi kwa kupanda mahindi au kunde kabla ya kurudisha magimbi, na kwa vyovyote usipande magimbi mahali pale pale zaidi ya misimu miwili mfululizo. Nguruwe pori na nungunungu, kwa walio jirani na msitu, wanahitaji ulinzi wa usiku. Hakuna mbegu wala mbolea inayolitatua hilo.

Kuvuna kwa hesabu ya Ramadhani

Magimbi huwa tayari kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili tangu kupanda, kutegemea aina na mahali. Kwetu ya mama mkubwa huchukua miezi tisa au kumi. Majani hugeuka manjano, yanabaki matatu au manne mafupi, na udongo unaozunguka shina hupasuka. Chimbua shina moja katikati ya shamba, ulichemshe na kulila kabla hujachimbua mengine, maana ladha ya wanga uliokomaa haidanganyi.

Kwa mkulima wa pwani, soko kubwa la magimbi ni mwezi wa Ramadhani, ambapo nyumba nyingi haziandai futari bila magimbi, mihogo, viazi vitamu au ndizi. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka wa kalenda ya jua, na kwa miaka hii imeangukia pazuri kwetu: mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 karibu na 28 Januari, kutegemea mwandamo wa mwezi. Gimbi lililopandwa mwezi wa nne hufikisha miezi tisa au kumi wakati huo huo, tena ni kiangazi cha kaskazi, ardhi ni kavu kiasi na kuchimba ni rahisi. Kadiri miaka inavyosogea itabidi kupanda mapema zaidi au kuchagua aina ya muda mfupi. Mwaka 2030 Ramadhani itaangukia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mwenye kupanga shamba lake ajue hilo tangu sasa. Usiyaache magimbi ardhini hadi masika mapya yaanze. Mvua ikiyakuta, kiazi huchipua upya, wanga wake hurudi juu kwenye majani, na utachimba kitu chenye maji kisichopondeka.

Chimba mbali na shina kwa jembe au mti uliochongwa, uinue udongo wote, kisha ng'oa kwa mkono. Gimbi lenye jeraha huoza ndani ya siku chache na kuambukiza wenzake, kwa hiyo yaliyokatwa yaliwe nyumbani. Yanayokwenda soko la Mgandini yasioshwe ikiwa hayatauzwa siku ile au inayofuata; yafutwe udongo, yapangwe kivulini penye upepo, nayo yatakaa wiki mbili bila tabu.

Kuandaa na kupika

Ndani ya kiazi na majani ya gimbi mna fuwele ndogo za kalsiamu okzaleti, nyembamba kama sindano, na hizo ndizo zinazowasha mikono na kukwaruza koo. Hakuna gimbi la kuliwa bichi. Menya likiwa kavu, kabla ya kuligusisha maji, mikono ikiwa imepakwa mafuta ya nazi. Au, kama ngozi yako ni nyepesi, lichemshe na maganda yake kwanza kisha umenye. Kata vipande vikubwa, vioshe, uvichemshe katika maji mengi yenye chumvi kwa dakika 20, na maji hayo uyamwage, kwa sababu sehemu ya okzaleti inayoyeyuka huondoka nayo. Mwenye historia ya mawe kwenye figo amuulize daktari kabla ya kulifanya gimbi chakula cha kila siku.

Kwa kilo moja ya magimbi kuna nazi mbili. Zikune, ukamue tui zito ukaliweke pembeni, kisha ongeza maji vuguvugu ukamue tui la pili. Panga vipande vilivyochemshwa chunguni, tia kitunguu kilichokatwa, chumvi na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, mimina tui la pili na uache moto wa wastani hadi uma uingie bila kukwama. Majani machanga ambayo bado hayajakunjuka yanaweza kupikwa vivyo hivyo kama mboga, baada ya kuondoa mishipa na kuyachemsha dakika zisizopungua 45, na yeyote anayejua subira ya kisamvu ataielewa kazi hiyo. Tui zito humiminwa mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, ukitikisa chungu badala ya kukoroga ili vipande visivunjike, mpaka mchuzi ushike na uanze kung'ang'ania mwiko. Ipua, funika, na usifunue kabla ya adhana, kwa kuwa robo saa hiyo ndiyo inayolipa gimbi nafasi ya kunywa tui.